Mkwe Aliyechomeka Gari Sebuleni

Obadiah, Baba Mkamburi,
Sagalla, juu kidogo ya kanisa,
Voi.

Kwa Mzee Kimeu,
Mshenga wa ndoa ya Kituku na Mkamburi,
Maungu.

Mzee wangu Kimeu,

KUH: GARI LA UMEME LA MKWE WANGU KITUKU, NA OMBI LA KUFUNGUA UPYA MAKUBALIANO YA NDOA

Pokea salamu zangu na za mke wangu Wakio. Sisi ni wazima, mbuzi ni wazima, mvua bado inatuzungusha.

Nimeupata ujumbe wako. Umesema kwamba mpwa wako Kituku, mume wa binti yangu Mkamburi, alipita kwako Maungu akiwa na wasiwasi mwingi, akitaka kujua kama alitukosea alipotutembelea likizo ya Agosti na gari lake jipya la umeme. Umesema pia kwamba amepata mtu huko Mombasa wa kubadilishana naye, atoe hilo la umeme achukue la dizeli, na kwamba anangoja neno langu tu. Ukaniomba nisijibu kwa simu, maana mambo ya wakwe yakisemwa kwa simu hugeuka ugomvi, bali niandike, nawe utamsomea Jumapili mbele ya wajomba zake. Basi naandika. Nilikuwa karani wa reli pale Voi mpaka nikastaafu, na malalamiko najua kuyapanga kwa nambari.

Kabla sijaanza, nataka ieleweke kwamba sina kinyongo na Kituku. Ni kijana mtaratibu na anamtunza mtoto wangu. Tangu amwoe mpaka Agosti hii, hakuwahi kukaa kwangu zaidi ya mchana mmoja, na hiyo ndiyo heshima. Walikuwa wanatoka Mombasa alfajiri na gari lao la petroli, wanafika Sagalla chakula kikiwa karibu kuiva, wanakula, wanapiga picha na mbuzi, na ikigonga saa kumi Kituku anatazama saa yake, anasema malori ya barabara kuu si mazuri gizani, wanaondoka. Miaka yote ilikuwa hivyo. Kila mtu alijua sehemu yake, na hakuna aliyemwaibisha mwenzake.

Gari la umeme limevuruga mpango huo wote. Malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Gari halikupiga kelele.

Umewahi kupanda huku kwetu, barabara unaijua. Gari la petroli au dizeli likianza kupanda kule chini, mlima mzima unalisikia. Likifika kona ya kanisa, mtu yeyote mwenye masikio anajua ni la nani na linaumwa wapi. Ule muda kati ya kona na geti langu ndiyo adabu yenyewe. Ndani ya muda huo Wakio huvua nguo za shamba, huvaa kitenge, hubandika chai. Mimi huvaa shati la mikono mirefu na kumfukuza kuku kwenye kiti cha mgeni. Mkwe akiingia anatukuta tumekaa, kana kwamba sisi hukaa hivyo kila siku.

Safari hii nilikuwa uani. Nilikuwa nimevaa fulana yenye dirisha mgongoni, miguu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi, meno yangu ya juu yako kwenye kikombe kando yangu, na nilikuwa nikiwaimbia mbuzi wimbo wa kanisa, tena sauti ya pili. Nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo baba." Mzee Kimeu, nilipiga ukelele ambao sijaupiga tangu utotoni. Kugeuka, naona gari jeupe limesimama hapo kimya, limenitazama. Wakio aliposikia ukelele wangu akatoka mbio na taulo kichwani na jembe mkononi, tayari kunipigania, akakutana uso kwa uso na mkwe wake.

Unaijua vizuri heshima yenu Wakamba kwa mama mkwe, kwamba hatazamwi usoni. Kijana wa watu aligeuka upesi akausalimia mgomba. Aliuuliza habari za siku nyingi. Akaupa pole kwa ukame. Wakio, kwa kukosa la kufanya, akaenda nyuma ya mgomba akaanza kumjibu kutoka huko. Mpaka leo nikiupita ule mgomba naona haya.

2. Gari lilikuja na njaa.

Wageni tunawalisha, hilo halina mjadala. Lakini gari la petroli hujilisha huko barabarani kabla ya kuja kwa watu. Hili lilifika limeishiwa kabisa, mlima ulikuwa umelimaliza, na kabla hata hatujawapa pole za safari mkwe akanijia taratibu akiwa ameshika waya mnene kama mkia wa punda. "Baba, samahani," akasema, "naeza chomeka gari wapi?"

Sasa mimi nina soketi moja ninayoiamini, na iko sebuleni, chini ya picha ya harusi yao. Tulichomoa friji. Tulichomoa televisheni, na ilikuwa karibu saa ya taarifa ya habari. Waya ukapita dirishani, dirisha likakataa kufungika, baridi ya Sagalla ikaingia na paka wa jirani akaifuata. Tukakaa sote sebuleni tukila kwa adabu huku gari nalo likila. Nikauliza litashiba saa ngapi, nikidhani atasema baada ya chai. Akasema, kwa soketi ya nyumbani, asubuhi.

Nilimtazama Wakio, Wakio akautazama waya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba saa kumi ya siku hiyo itapita na wageni bado wapo.

3. Mila haina la kufanya na mkwe ambaye gari lake linachaji.

Mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Nyinyi mnalishika hilo kuliko sisi, na sisi pia tunalishika. Mkamburi na mtoto wakaingia chumbani. Kituku akasema yeye yuko sawa, atalala ndani ya gari. Akajikunja humo, kichwa mlangoni na miguu kwenye usukani. Usiku huohuo upepo ukauangusha mkaratusi juu ya nyaya za stima kule bondeni, mlima mzima ukawa giza, na asubuhi gari lilikuwa halijafika hata nusu.

Lakini kabla hatujayajua ya mkaratusi, Teresia alikuwa ameshapita. Teresia ni jirani yetu na ni kiongozi wa akina mama kanisani, na huamka kabla ya majogoo kusudi asipitwe na jambo. Alimwona mkwe wangu amelala garini nje ya mlango wangu. Alinijia na Biblia kwapani. "Baba Mkamburi," akaniambia, "hata kama kijana amekosa, si umfungulie tu alale kama mtu?" Kufikia saa ya ibada, Sagalla yote ilikuwa imejua kwamba nimemfungia mkwe nje, na wengi walikuwa na sababu tayari, kila mmoja na yake.

Ili kuokoa jina langu, usiku uliofuata ilibidi mkwe aingie ndani, na ili mkwe aingie ndani, ilibidi mama mkwe atoke. Wakio alibeba blanketi akaenda kulala kwa Teresia. Tangu tuoane hakuwa amewahi kulala kwa jirani. Nilidhani atarudi amekasirika. Alirudi anacheka, akasema wamepiga hadithi mpaka mafuta ya taa yakaisha, na kwamba kitanda cha Teresia hakikoromi. Usiku wa tatu aliondoka mapema bila hata kuambiwa.

Mimi sikuoa ili mke wangu awe analala kwa Teresia. Kwa hiyo naandika wazi, na naomba wajomba walisikie hili: magari ya umeme yanatenganisha watu waliooana, tena waliooana kanisani.

4. Tuliishiwa na maneno.

Kati yangu na mkwe kuna maongezi manne: mvua, barabara, afya, na masomo ya mtoto. Yamepimwa yatoshe mchana mmoja, ukiyavuta kidogo. Tuliyamaliza yote jioni ya kwanza. Jumapili baada ya kanisa tukajikuta barazani, televisheni hakuna, redio imekufa, tunamenya mihogo na kuutazama waya uliolegea kule bondeni. Nikajaribu kurudia mvua. Haikusaidia. Ikabidi tuongee kweli.

Kwanza alinieleza kwa nini alinunua gari lile. Alisema magari ya petroli na dizeli yanafaa kuondoka yote, si lake tu, moshi wake unaharibu hewa na hali ya anga, na kwamba wakulima kama mimi ndio tunaolipa kwa mvua zinazopotea. Alisema mjukuu wangu Koki akiwa na umri wa mama yake huenda Sagalla kusiote hata mbaazi. Alisema kwa upole, bila kunifundisha. Nilimwongezea chai.

Halafu akayasema mengine. Kwamba baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu nilijua, uliniambia mwenyewe siku ya kwanza. Ambacho hukuniambia ni kwamba kijana hajui mtu mzima hukaaje na baba. Alisema kila anapokuja huku hukaa akihesabu asije akasema kitu kibaya, na ndiyo maana saa kumi ikifika hutazama saa. Si malori. Hayajawahi kuwa malori. Ananiogopa mimi, Mzee Kimeu, mimi ambaye siku iliyotangulia alinikuta na meno kwenye kikombe.

Nalalamika kwa sababu hili lilikuwa jukumu la mshenga. Ungeniambia miaka ile, au ungelificha milele. Lakini kuniacha nilisikie kwake mwenyewe, nikiwa na kisu na muhogo mkononi, haikuwa haki. Machozi yalinikaribia. Nililazimika kusimama niende kuwaangalia mbuzi, ambao hawakuwa na shida yoyote.

5. Mkwe ameshuka cheo.

Maji yetu unayajua. Bomba likikaa wiki bila kutoa kitu hakuna anayeshangaa. Jumatatu asubuhi nilimtafuta mkwe nikaambiwa ameenda chemchemi. Nikamwona anapanda na mitungi miwili, amevaa fulana yangu, ileile. Mtu mwenye ofisi Mombasa! Kila aliyemwona alinipongeza, na sikujua niweke wapi uso.

Mchana akaamua kupika kimanga, huo mseto wetu wa mihogo na maharagwe, akauunguza chini. Wakio akaula wote akasema ni mtamu, yeye akiwa jikoni na mkwe akiwa nje ya dirisha. Ndiyo, walikuwa wameanza kuongea. Siku ya kwanza waliongea kupitia mgomba, halafu wakahamia dirishani, na jioni ya Jumatatu niliwakuta kwenye mkeka mmoja wakichambua mbaazi, wamepeana migongo kwa ajili ya heshima, wanacheka mpaka mbaazi zinamwagika. Walikuwa wananicheka mimi. Nauliza kwa nia njema kabisa, mambo kama haya yataishia wapi?

6. Mjukuu wangu ameharibika.

Zamani Koki alikuwa mtoto wa kupigiwa mfano. Akifika alinipa mkono, akaninong'oneza kwamba anataka simu, nami nilimpa simu, na hatukusumbuana mpaka saa kumi. Safari hii simu zote zilizima siku ya pili. Mtoto akakosa pa kwenda akanifuata mimi. Alinifuata zizini, shambani, chooni alisimama nje akiniuliza maswali kupitia mlango. Sasa anajua kuwaita mbuzi kwa Kisagalla. Pia amewapa wote majina ya walimu wake. Beberu niliyemnenepesha kwa ajili ya Krismasi anaitwa Mwalimu Tracy. Ninaulizwa kila jioni kwa simu kama Mwalimu Tracy amekula vizuri, na ninajikuta nimetoka na tochi kwenda kuhakikisha. Sioni jinsi mnyama huyo atakavyochinjika.

7. Majirani walitaka kusaidia.

Hapa sitaki kueleweka vibaya. Jumatatu Donald, mwenye ile pikapu kuukuu ya dizeli, alikuja na kamba, akasema anaweza kulivuta gari mpaka Voi mjini, huko stima ipo, na wageni wawe wameondoka kabla ya jioni. Niliikagua kamba nikaona haifai. Donald akasema kamba hiyo imewahi kuvuta trekta. Mimi nimefanya kazi reli, na nikisema kamba haifai huwa haifai. Akaondoka akiwa amenuna.

Kisha Kituku, bila kufikiri, akawaambia vijana kwamba gari lake likishuka mlima hujichaji lenyewe. Vijana wa hapa hawaambiwi kitu kama hicho. Bravin wa bodaboda aliwakusanya wenzake, wakaamua watalisukuma mpaka juu waliachilie lishuke, walisukume tena, hivyo hivyo mpaka lijae. Walilifikisha kwenye geti la kanisa wakalala chini wote. "Mzee," Bravin akaniambia akiwa bado chali, "hii gari itatumaliza sisi kabla ijae." Nikapiga marufuku zoezi hilo kwa usalama wa umma.

Najua kuna maneno yanayozunguka kwamba Jumapili mchungaji alipoomba stima irudi, watu wote walisema amina isipokuwa mimi. Koo langu lilikuwa na shida siku hiyo.

8. Namna lilivyoondoka.

Jumanne stima ikarudi. Mlima mzima ulipiga makofi, na sikuyapenda yale makofi. Gari likala mpaka asubuhi. Jumatano wakapakia mihogo, mbaazi na kuku mmoja, Koki akaagana na mbuzi mmoja mmoja, na Kituku akanikumbatia. Hakuwahi kunikumbatia kabla ya hapo. Sikujua mikono yangu huwa inaenda wapi katika jambo hilo, nikampigapiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa.

Gari la petroli likiondoka, mtu anapunga mkono mpaka mlio uishie kwenye kona. Mlio ukiisha unajua wameenda, unarudi kwa kazi zako. Hili lilitoka getini, na kimya kikabaki kilekile kilichokuwapo. Niliuinua mkono nisijue niushushe lini. Wakio anasema nilisimama pale muda mrefu sana. Nilihuzunika, Mzee Kimeu, sitaki kukuficha. Nyumba ilikuwa kubwa siku hiyo. Nilichomeka friji yangu, nikachomeka televisheni yangu, nikakaa sebuleni nikitazama ile soketi.

Huzuni ya aina hiyo sikuwahi kuipata enzi za petroli, na nina mashahidi.

Sasa naomba tutoke Sagalla tuitazame nchi yote. Kituku anasema siku moja kila gari litakuwa la umeme. Haya, tukubali. Krismasi ifike, kila mwanaume aliyeoa apande kwa wakwe zake na betri iliyochoka. Wote wachomeke kwa pamoja. Stima, ambayo hata sasa hupotea mtu akipiga chafya, itapotea kuanzia Taveta mpaka baharini. Wanaume wote wa nchi hii watakuwa wamekwama kwa mama mkwe. Mama wakwe wote watakuwa wamehamia kwa akina Teresia. Baba wakwe watakuwa barazani wakisikiliza mambo ya ndani ya mioyo ya watu. Hakuna atakayechinja kwa sababu kila mbuzi atakuwa na jina. Januari itafika na ofisi zitakuwa tupu, bandari imefungwa, watoto wote wanaongea lugha za babu zao. Serikali itaendeshwa na nani? Na wabunge nao wameoa.

Moshi nimeukubali. Nikishuka Maungu nayaona malori yanavyokohoa, na nguo za kamba ya kuanikia zinavyokuwa nyeusi upande wa barabara. Mvua nazo naona zinavyonipita. Lakini moshi huniwasha macho tu, na nikirudi mlimani hupona. Kile nilichopata Agosti hakijapona.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima:

Kwanza, Kituku akubali mabadilishano, achukue hilo gari la dizeli, tena likiwa na mlio mkubwa itakuwa vyema zaidi.

Pili, wazee wa pande zote mbili wakutane, makubaliano ya ndoa yafunguliwe, na kiongezwe kifungu kwamba mkwe asipande Sagalla na chombo chochote kinachohitaji kulala.

Tatu, kama wajomba wataona kifungu hicho ni kigumu, basi gari la umeme lifungwe kengele kubwa ya ng'ombe, na kengele hiyo isifunguliwe mpaka ndoa iishe, jambo ambalo sote tunaomba lisitokee.

Naamini utayafikisha haya kwa hekima uliyotumia siku ile ulipokuja kumwomba Mkamburi, ukaketi kwenye kiti cha kuku bila kulalamika.

Nisalimie mama watoto na wote wa nyumbani kwako. Wasalimie wajomba, hata yule aliyesinzia siku ya mahari. Msalimie dada yako, mama yake Kituku, umwambie amelea. Wasalimie pia madereva wa malori wanaopumzika hapo Maungu, wao na moshi wao. Wakio anawasalimu, na Teresia amesisitiza nimtaje.

Ndimi, kwa utiifu na masikitiko,

Obadiah
Baba mkwe, karani wa reli mstaafu

TANBIHI: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Wakio akasema kwa kuwa anatajwa, ana haki ya kusomewa. Nikaifungua nikamsomea yote, nambari kwa nambari. Alicheka mahali ambapo si pa kuchekesha. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: hilo gari la dizeli, litawaondoa hapa saa ngapi?

Nimelala na swali hilo. Asubuhi nimejaribu kulitafutia nambari katika barua hii nikakosa.

Basi naomba Jumapili usisome. Wasomee salamu tu, na yale mengine uyatie kwenye moto wa jikoni. Mwambie Kituku hakutukosea kitu. Yule mtu wa dizeli atafute mwingine wa kubadilishana naye. Mwambie nimeanza kumjengea kijumba hapo nyuma ya zizi, chenye paa lake peke yake, ili mama mkwe abaki kitandani kwake na mila ibaki mahali pake. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya dirisha. Fundi wa stima aliniuliza soketi niweke ngapi, nimemwambia aje Januari.

Waje mapema, kabla ya Krismasi. Na kama kuna mahali pa kuchajia huko njiani, asisimame.